Maswali ya Wasomaji: Vipepeo, Ndege na Wageni Wengine wa Bustani

Tangu mvua za masika zianze kupungua, barua nyingi zinazotufikia zinahusu vipepeo. Wapo wasomaji wanaosikitika kwamba hawawaoni tena kama walivyowaona utotoni, na wapo wanaowaangamiza kwa mikono yao wenyewe bila kujua kwamba wanaowaangamiza ni hao hao. Tumechagua barua saba. Majibu yetu yanazingatia zaidi bustani za mwambao, kuanzia Malindi hadi Mtwara pamoja na visiwa, ingawa mengi yatamfaa pia anayeishi bara.

Nina mndimu mmoja nyuma ya nyumba, nilioupanda mwaka juzi. Kila mvua zikinyesha hutokea vitu mithili ya mavi ya ndege juu ya majani, na baada ya siku chache majani machanga yote huwa yameliwa, nami nakuta viwavi wanene wa kijani. Nimepuliza dawa ya dukani mara mbili lakini wanarudi. Nitumie dawa gani iliyo kali zaidi?
*Mama wa nyumbani, Makorora, Tanga*

Mama, kabla hujanunua dawa nyingine tunakuomba uutazame mndimu wako kwa siku tatu tu, asubuhi na jioni. Hivyo unavyovidhania kuwa mavi ya ndege ndio viwavi wenyewe wakiwa wachanga. Mwili wao ni mweusi wenye mabaka meupe na ya manjano, nao hutulia katikati ya jani bila kujificha, kwa kuwa ndege hana haja ya kudonoa kinyesi cha ndege mwenzake. Wakishajibadua ngozi mara kadhaa na kukua hadi kufikia urefu wa kidole cha mtoto, hila hiyo haiwafai tena, maana hakuna kinyesi cha ukubwa huo. Hapo ndipo wanapovaa rangi ya kijani yenye michirizi ya kahawia na kufanana na jani linalowalisha.

Mzazi wao ni yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa mengi ya manjano, ambaye kila bawa lake la nyuma lina doa la buluu na jekundu mithili ya jicho. Wataalamu humwita *Papilio demodocus*. Jike hutaga yai moja moja juu ya jani changa la mndimu, mlimau, mchungwa au mchenza, na yai lenyewe ni la mviringo, rangi yake ni manjano hafifu, ukubwa wake hauzidi punje ya ulezi. Kabla ya kutaga huligusa jani kwa miguu yake ya mbele, ambayo ina uwezo wa kuonja, ili ahakikishe kwamba ndilo jani litakalomlea mwanawe. Kipepeo huyu alikuwapo hapa kwetu kabla ndimu na machungwa hayajaletwa kutoka Asia, na porini bado anataga juu ya mjafari na miti mingine ya jamaa hiyo. Mndimu wako kwake ni chakula cha kikwao kilichosogezwa karibu na jikoni.

Ukitaka kumfahamu vizuri kiwavi huyu, mguse taratibu kwa ncha ya kijiti nyuma ya kichwa. Papo hapo atatoa pembe mbili laini za rangi ya machungwa zilizounganika chini, mfano wa ulimi wa nyoka, na utasikia harufu kali, tamu na chungu kwa pamoja, kama ya ganda la chungwa lililoanza kuoza. Baada ya muda mfupi pembe hurudishwa ndani na kiwavi huendelea kula. Hiyo ndiyo silaha yake yote. Hana sumu ya kukudhuru, hang'ati wala hawashi.

Sasa tuje kwenye mti wako. Mndimu uliokomaa hauna haja ya kutetewa, kwa sababu majani yaliyoliwa yatachipua tena. Mche mdogo wenye majani machache ndio unaoweza kudhoofika, na wa kwako uliopandwa mwaka juzi uko katikati ya hali hizo mbili. Ushauri wetu ni kwamba upande mche wa pili wa limau, uliouotesha kwa mbegu za jikoni, pembeni mwa ua au hata ndani ya ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, na kila ukimwona kiwavi kwenye mndimu wako umhamishie huko pamoja na jani alilokalia. Kazi hiyo inahitaji dakika tano kwa siku, na ni katika majuma machache tu ya mwaka wakati majani mapya yanapochipua.

Kuhusu kurudi kwao baada ya kupuliza dawa, sababu haikuwa udhaifu wa dawa. Kipepeo huja akiruka kutoka mbali na kutaga upya, ilhali wadudu waliokuwa wakikusaidia kumpunguza, yaani nyigu, buibui, vunjajungu na wale nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya mayai na viwavi, wamekwisha kufa kwa dawa hiyo na hawarudi upesi. Mndimu ulio mbele ya dirisha langu, ambao haujapulizwa dawa kwa miaka mingi, ulikuwa na viwavi 11 siku moja ya Jumatatu mwaka jana. Ilipofika Ijumaa walikuwa wamebaki watatu, nami nilimwona nyigu akiondoka na mmoja wao amembana miguuni.

Wasomaji wengine wametuuliza kama maji ya mwarobaini ni salama kwa vipepeo. Ni salama zaidi kwako wewe mlaji wa ndimu, lakini si kwa kiwavi, kwani humzuia kujibadua ngozi naye hufa polepole. Kama ni lazima kuyatumia kwenye mboga, nyunyizeni jioni, juu ya mmea ule tu uliovamiwa, wala msinyunyize juu ya maua.

Bustani yangu imejaa boganvilia za rangi nne na mawaridi mazuri ninayoyatunza kwa gharama, lakini sijawahi kuona vipepeo zaidi ya wawili kwa siku. Jirani yangu ana majani ya ovyo tu yasiyopaliliwa na kwake wanaruka tele. Kosa langu ni nini?
*Mstaafu, Mbezi Beach, Dar es Salaam*

Mzee wetu, hujafanya kosa katika utunzaji. Tofauti iko katika kile ambacho maua hayo yanampa mgeni wake. Ile rangi ya boganvilia inayotuvutia sisi si maua bali ni majani yaliyogeuka rangi, na ua lenyewe ni kile kijirija chembamba cheupe kilichomo katikati, chenye asali kidogo. Mawaridi ya mabustanini nayo yamezalishwa kwa miaka mingi ili yawe na petali nyingi, na petali hizo za ziada zimechukua nafasi ya viungo vya uzazi vya ua, hivi kwamba mdudu akifika hakuti chavua wala hapati njia ya kupenyeza mrija wake.

Kipepeo hupenda ua ambalo atatua juu yake akatulia na kunyonya bila kupapatika, na zaidi ya hapo hupenda maua madogo mengi yaliyokusanyika pamoja, ili akimaliza moja ageukie la pili bila kuruka. Bora kuliko yote kwa mwambao, kwa maoni yetu, ni pentasi, ambayo asili yake ni Afrika na hustahimili jua la saa sita mchana ikipata maji ya kutosha. Panda ile yenye maua ya waridi au mekundu, na uipande kwa kundi la miche 10 au zaidi mahali pamoja, kwa sababu kipepeo anayepita juu huona rangi iliyokusanyika na hukosa kuuona mche mmoja mmoja uliotawanywa. Zinia za petali za safu moja, duranta na alizeti hufuatia. Mrehani na kivumbasi vikiachwa vichanue badala ya kukatwa kila mara, huwaita nyuki wengi pamoja na vipepeo wadogo wa buluu. Lantana huvutia vipepeo pia, lakini hatumshauri mtu aipande, kwa kuwa ndege hueneza mbegu zake na imekwisha kuyafunika malisho na kingo za misitu katika sehemu nyingi za nchi zetu.

Lakini jibu kubwa liko kwa jirani yako. Majani yale ya ovyo ndiyo nyumba ya kulelea watoto. Asistasia, ule mmea mfupi wenye maua meupe ambao pwani ya Kenya majani yake hupikwa kama mboga, hulisha viwavi wa yule kipepeo mdogo mweusi mwenye doa la buluu linalong'aa katika kila bawa la nyuma. Nyasi ndefu hulisha viwavi wa vipepeo wa kahawia wanaoruka magharibi, wale ambao wakati wa kiangazi, wakifunga mabawa, hulingana kabisa na jani kavu. Mstafeli na mtopetope hulisha wengine, na mnyonyo wengine. Bustani ya maua matupu ni kama mgahawa wa njiani: mpita njia hula akaondoka. Ukitaka wakae, tenga kona moja, hata ya hatua nne kwa nne, uiache iote yale yanayoota yenyewe, na ufyeke nusu tu kwa wakati mmoja.

Lipo pia jambo la upepo. Nyumba za karibu na bahari hupigwa na kusi miezi kadhaa ya mwaka, na kipepeo hawezi kula huku akipeperushwa. Hapo ndipo boganvilia zako zitakapofaa sana, zikioteshwa kama ukuta upande upepo unakotoka, huku pentasi zikipandwa upande uliotulia unaopata jua la asubuhi. Na kwa vile wewe ni mstaafu na una nafasi ya kukaa barazani usiku, zima taa za nje kwa saa moja uwatazame nondo wakubwa wanaotua hewani mbele ya maua meupe yenye harufu, kama asumini, bila kukanyaga kitu. Nondo hao ndio wanaochavusha mipapai majike kwa kiasi kikubwa, na mwenye kuwasha taa kali usiku kucha huwapoteza njia.

Wanafunzi wangu wa darasa la nne wamesoma kitabuni kwamba kipepeo hupitia hatua nne, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuziona. Je, tunaweza kumlea kiwavi darasani bila vifaa vya maabara?
*Mwalimu wa shule ya msingi, wilaya ya Muheza*

Mwalimu, mnaweza, na somo hilo hawatalisahau. Tafuteni chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, au boksi lenye dirisha la chandarua kuukuu, na mdomo wake mfunike kwa kipande cha chandarua hicho hicho kilichokazwa kwa mpira. Mchukueni kiwavi mmoja au wawili wa mlimau, msizidishe, pamoja na kitawi alichokalia. Chomekeni kitawi hicho katika kichupa chenye maji na mzibe nafasi iliyobaki kwa pamba, maana kiwavi hushuka akifuata shina na kuzama ndani ya maji. Badilisheni majani kila siku kwa majani ya mti ule ule mliomtoa, kwa kuwa kiwavi wa mlimau akipewa jani la mpera atakufa kwa njaa huku amelikalia. Kinyesi kiondolewe kila asubuhi, kwani kikirundikana huleta ukungu. Waambieni watoto wasiguse kabisa viwavi wenye manyoya, kwa kuwa wengi wao huwasha vibaya.

Siku kiwavi atakapoacha kula na kuanza kutangatanga, msimsumbue. Atatafuta kijiti, atajifunga kiunoni kwa uzi wa hariri mithili ya mkwezi wa mnazi anayejiegemeza kwenye kamba, na siku ya pili ngozi itapasuka na kuacha pupa, yaani lile ganda ambamo kiwavi hugeuka kuwa kipepeo. Rangi ya pupa ni ya kijani akiwa kati ya majani mabichi na ya kahawia akiwa juu ya mti mkavu. Wekeni vijiti vya aina zote mbili ili watoto walione hilo wenyewe. Kwa joto la huko kwenu hatua hii huchukua takriban majuma mawili, wakati mwingine zaidi.

Siku moja kabla ya kutoka, ganda la pupa huwa jeusi, na ukilitazama kwa makini utaona madoa ya manjano ya mabawa kwa ndani. Kutoka kwenyewe hutokea mara nyingi asubuhi na huchukua dakika chache tu. Kipepeo hutoka akiwa na tumbo nene na mabawa madogo yaliyokunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa, akapanda juu hadi apate mahali pa kuning'inia, kisha huyasukumia mabawa majimaji kutoka tumboni, nayo yananyooka mbele ya macho yenu mkunjo mmoja baada ya mwingine. Hudondosha pia tone la maji mekundu au ya kahawia. Waelezeni watoto mapema kwamba hiyo si damu bali ni uchafu uliobaki mwilini wakati wa kugeuka. Mtu yeyote asimsaidie wala asimguse kwa saa mbili hivi, maana mabawa yakikauka yakiwa yamepinda hayatanyooka tena maishani mwake. Kisha mfungueni nje, kwenye jua.

Nanyi wa Muheza mna bahati, kwa kuwa katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Amani wapo wakulima ambao wamefuga vipepeo kwa miaka mingi, na ziara ya siku moja huko itawaonyesha watoto kwamba ujuzi huu ni kazi ya watu wanaowafahamu.

Nilimwona kipepeo mkubwa, mwenye kasi kama ya ndege, ametua juu ya kinyesi cha mbwa. Sijawahi kumwona juu ya ua. Je, ni mgonjwa?
*Msomaji wa Kilifi*

Si mgonjwa, ndugu yetu, bali hicho ndicho chakula chake. Bila shaka umemwona mmoja wa jamaa ya *Charaxes*, vipepeo wenye mwili mnene na mabawa magumu, wengi wao wakiwa na vimikia viwili katika kila bawa la nyuma. Hawa hawajali maua. Hufyonza maji ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, utomvu unaochuruzika kwenye gome la mti, na kinyesi, ambacho huwapa chumvi na madini. Vipepeo madume wa aina nyingine nao hukusanyika kwenye tope la kando ya mfereji kwa sababu hiyo hiyo ya chumvi.

Ukitaka kumwita, chukua ndizi mbivu mbili au tatu, ziponde, ziache katika chombo kilichofunikwa kwa siku tatu hadi zianze kuchachuka, kisha ziweke juu ya kisahani ukining'inize kwa kamba kwenye tawi lenye jua, usawa wa kichwa. Paka grisi kidogo kwenye kamba, vinginevyo sisimizi watawahi kabla yake. Akishaanza kunyonya huzama katika kula kiasi kwamba unaweza kumsogelea na kumtazama upande wa chini wa mabawa, wenye mistari ambayo hakuna mfumaji wa mikeka atakayechoka kuitazama.

Na kwa kuwa unaishi Kilifi, nenda Gede. Penye magofu yale ndipo ulipo mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993, ambao wakulima wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke huulea uzao wa vipepeo wa msitu huo na kuuza pupa zinazosafirishwa hadi kwenye mabanda ya maonyesho ya Ulaya na Marekani. Msitu uliosimama ndio unaowapatia majike wa kutaga, na mkulima anayeuza pupa ana sababu yake mwenyewe ya kutaka usimame.

Chozi wawili walijenga kiota kwenye waya wa taa ya baraza yangu. Kabla makinda hayajaota manyoya, kunguru waliyachukua yote mbele ya macho yangu. Nilie tu, au kuna la kufanya?
*Bibi wa wajukuu sita, Mwembetanga, Unguja*

Pole sana, Bibi. Kunguru hao wenye shingo ya kijivu, ambao Mombasa huwaita kurabu, si wa asili ya nchi zetu. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, kwa nia ya kuwafanya wasafishe taka za mji, na tangu hapo wameenea pwani yote, wakila mayai na makinda ya ndege wengine. Yule kunguru mwenye kifua na shingo nyeupe ndiye wa kwetu.

La kwanza la kufanya ni la mtaa mzima: taka za jikoni zifunikwe, na matumbo ya samaki yafukiwe badala ya kutupwa uani, kwa kuwa kunguru huzaana kwa kadiri ya chakula anachokipata kwetu. La pili ni kumpa chozi mahali ambapo kunguru hawezi kupenya. Kiota cha chozi ni kifuko kinachoning'inia, kilichosukwa kwa nyasi na kufungwa kwa utando wa buibui, chenye mlango pembeni, na jike ndiye mjenzi. Kichaka cha miba kilichosongamana, kama boganvilia isiyokatwa mno au mkomamanga, kitamlinda kuliko waya wa taa. Acheni pia utando wa buibui wa nje ya nyumba, hasa nyuma na chini ya vipaa, maana huo ndio uzi wake wa kushonea.

Kumwalika ni rahisi. Panda mshubiri na haibiskasi, na mpapai wako ukichanua usiukate. Lakini kumbuka, Bibi, kwamba asali ya maua ni chakula cha wakubwa. Makinda hulishwa buibui na wadudu wadogo laini wakiwamo viwavi. Chozi anayelea hupita kwenye mimea yako tangu alfajiri akiokota, na bustani iliyopulizwa dawa humlazimisha kwenda mbali na kukiacha kiota peke yake kwa muda mrefu, muda ambao ndio kunguru anaousubiri.

Mkisema tuweke maji bustanini, je, hamtuletei mbu? Na vichaka je, haviwaleti nyoka?
*Baba wa familia, Temeke, Dar es Salaam*

Hofu zako zote mbili zina msingi, hasa kwa mkazi wa jiji lililopata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mbu anayeieneza hutaga katika vyombo vidogo vya maji yaliyotulia, na mayai yake huhitaji takriban juma moja au zaidi hadi kutoa mbu anayeruka. Kwa hiyo weka maji kwenye kisahani kipana chenye mchanga na vijiwe vya kutulia, yamwagwe na kisahani kisuguliwe kila baada ya siku mbili. Kipepeo hahitaji zaidi ya mchanga uliolowa. Usichimbe dimbwi kama hutaweza kulitunza.

Ama nyoka, hufuata panya, na panya hufuata mabaki ya chakula na marundo ya mbao. Acha ukanda wa hatua tatu au nne ulio wazi kuizunguka nyumba, kichaka kiwe mbali na milango, na usiku tembea na tochi.

Kuna kipepeo wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa ninayemwona kila mahali. Rafiki yangu anasema wako wa aina mbili wanaofanana kabisa. Nimetazama mwezi mzima na sioni tofauti.
*Mwanafunzi wa chuo, Mtwara*

Rafiki yako amesema kweli, na wewe umeitazama mojawapo ya hila nzuri zaidi za viumbe wa kwetu. Wa kwanza ni *Danaus chrysippus*. Viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, kama kalotropisi, ule mmea wa sehemu kame wenye majani mapana ya kijani kibichi kilichochanganyika na kijivu, ambao utomvu wake usiruhusu kabisa uguse macho. Sumu ya mmea hubaki mwilini mwa kiwavi hadi anapokuwa kipepeo, na ndege akimla hutapika, na tangu siku hiyo hamgusi tena kipepeo mwenye rangi hiyo. Ndiyo maana huruka polepole, mahali pa wazi, bila kuonyesha woga.

Wa pili ni jike la *Hypolimnas misippus*, ambalo halina sumu. Limeazima vazi la mwenzake na hata mwendo wake wa polepole, na ndege aliyewahi kutapika hulipita. Dume lake halihangaiki na hila hiyo: ni jeusi, lenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau, na usingedhani kwamba ni wa jamii moja. Viwavi wao hula asistasia pamoja na tako la hasani, lile gugu lenye majani manono linalotambaa kwenye mashamba.

Kuwatofautisha, subiri kipepeo atue na kufungua mabawa, kisha tazama bawa la nyuma tu. *Danaus* ana madoa madogo meusi matatu au manne katikati ya bawa hilo. Jike la *Hypolimnas* lina doa moja tu, nalo liko juu, karibu na ukingo wa mbele. Nenda saa mbili hadi saa tatu asubuhi, wakati bado wanaota jua na hawajapata moto wa kuruka, ukae upande ambao kivuli chako hakitawafikia. Chukua daftari uandike tarehe, mahali na mmea aliotua. Baada ya majuma machache, hesabu ni wangapi uliowaona wa kila aina, na ukipenda utuletee hesabu hiyo. Tungefurahi kujua kwa kila wenye sumu kumi huko Mtwara, waigaji ni wangapi.